Madoa ya Kwamboka

Jumatano, 3 Septemba 2025

Hii kitabu nimepewa leo asubuhi na Mama Nishant, kurasa tisini na sita, na kalamu mbili. Amesema, "Mama Mose, andika kila siku farasi amekula nini, amekunywa nini, amelala aje. Andika Kiswahili ndio nisome. Siku ya kumchukua nitasoma yote." Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini mdomo haikuachia hapo, na naona kuandika ni kuongea tu na mkono. Basi tuongee.

Farasi ameshuka kwa lori hapa kwangu Ikonge saa nne. Watu waliojaa ni wengi kuliko wale walikuja kumzika mzee wangu. Wamekanyaga chai ya Nyangate mpaka akaanza kuwafukuza na kijiko ya ugali. Nyangate ni bibi ya shemeji yangu, tumepakana shamba, na hakuna kitu inaingia kwangu yeye hajaipima. Akaangalia farasi mbele, akaangalia nyuma, akasema, "Esnah, hii ni punda imesoma." Watu wakacheka mpaka dereva akacheka.

Niandike mambo vile iko, hata kama Mama Nishant anaijua. Jina yake ni Ramila. Yeye na bwana yake Subhash wako na duka ya vitambaa mjini Kisii, na mimi nimewapelekea ndizi kwa mlango wa nyuma miaka kumi na moja. Kijana yao Nishant anaoa tarehe saba Desemba, anaoa msichana wa Kisumu anaitwa Palak. Kwa mila yao ya Kihindi bwana harusi anaenda kuchukua bibi akiwa juu ya farasi wa kike. Subhash alipooa yeye, farasi hakukuwa Kisii nzima, akaenda amesimama nyuma ya pikapu ya kubeba mbao. Hiyo aibu ameibeba miaka thelathini. Akaapa kijana yake hatapanda pikapu. Ndio amenunua huyu farasi Molo, na mjini hakuna nyasi. Mimi nyasi niko nayo, kile kipande cha bondeni chai ilikataa kumea.

Rangi yake ni jivu ya jiko ya juzi. Mbavu unahesabu ukiwa barabarani.

Mama Nishant anatembea kwa matope yetu kama bata. Hii nitafuta kabla asome.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempa jina Kwamboka. Kwetu ni jina ya msichana aliyevuka mto, na huyu amevuka mito yote ya kutoka Molo. Amekula nyasi, pumba, maganda ya ndizi mbivu. Ndoo mbili za maji.

Jumamosi, 6 Septemba

Sabato. Amekula.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo Valentine amesimamisha pikipiki kwangu. Huyu ni daktari wa wanyama, msichana wa mzee Nyakundi wa pale juu, miaka thelathini na mbili, hana bwana. Anavaa suruali na viatu vya gamboti, hata kanisani, kama kuna ng'ombe ya mtu inazaa. Alikuwa na mwanaume wa Keroka, lakini inasemekana alikimbia harufu ya dawa. Inasemekana na mimi, lakini wengine pia wanasema.

Akaniambia, "Mama Mose, farasi si ng'ombe. Ukiwa na swali, niite kwanza."

Mimi na miaka hamsini na mbili naambiwa farasi si ng'ombe. Kwani sioni pembe hana? Nimempelekea Nyangate hiyo maneno na tumecheka mpaka chai ikamwagika.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua imeshika saa yake. Ikifika saa tisa inaanza, kama imeajiriwa. Amekula.

Alhamisi, 25 Septemba

Mbavu zimepotea. Nyuma amekuwa mviringo. Asubuhi akinisikia nikifungua mlango analia ile kulia yake, na jogoo ya Nyangate inanyamaza kwa hasira.

Jumapili, 5 Oktoba

Alikuwa amejigaragaza kwa matope, nikamwosha. Alipokauka nikaona kitu.

Kwa matako, na kwa tumbo huku upande, ametoka duara duara. Ndogo, kama chini ya kikombe. Katikati nyeupe kidogo, kando giza. Ni kama mvua ya kwanza ikianguka kwa vumbi, ile matone ya kwanza kabla ikaze. Nikasugua na sabuni ya kipande, haitoki. Nikasugua na majivu. Haitoki.

Watoto wetu hushikwa na choa kwa kichwa, ile wao wenyewe huita mashilingi, na inafanana hivyo hivyo. Sitaambia mtu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeambia Nyangate peke yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Kwa kituo cha kuuza majani chai watu kumi na wanne wameniuliza kuhusu ngozi ya farasi. Nimewahesabu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama mmoja kutoka Magwagwa, mwenye sijawahi kumwona, ameniuliza kama ni kweli farasi wangu ameoza akiwa amesimama. Nikamwambia ni madoa tu. Akasema, "Hivyo ndio huanza."

Ndizi zangu soko haijataka. Wanasema mkono yenye inashika farasi ndio inashika ndizi. Nimeuza kwa watu wawili, na mmoja ni kipofu. Kwamboka yeye hajui kitu, amekula vizuri, amelala vizuri, duara zimefika mpaka shingo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama Nishant amepiga simu saa mbili asubuhi.

"Mama Mose, mteja ameingia kwa duka akaniambia farasi yangu iko na ugonjwa. Kwa nini nasikia kwa mteja, sisikii kwako?"

Nikasema ni madoa, hata haimsumbui.

"Madoa gani?"

"Ya duara."

Akasema, "Tunakuja Jumapili. Kama ni ugonjwa, Baba Nishant amesema arudishwe Molo na Nishant apande gari. Wageni hawawezi kuona mgonjwa ikibeba bwana harusi. Tangu jana usiku Baba Nishant hajakula."

Sasa huyu mwanaume ameambiwa na mdomo wangu asile. Maana ukifuata hiyo habari nyuma nyuma, kutoka kwa duka mpaka Magwagwa mpaka kwa kituo cha majani mpaka kwa Nyangate, unafika kwangu jikoni. Lazima hizi madoa zitoke kabla Jumapili. Na mimi nikitaka kitu itoke, inatoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mzee Ogari amekuja na pampu yake ya mgongoni. Yeye ndiye hunyunyizia ng'ombe ya kijiji yote dawa ya kupe, tangu ile dipu ya kuogeshea ng'ombe ibomoke.

Akazunguka Kwamboka. "Ako na ngozi?"

"Ako."

"Ako na kupe?"

"Wawili watatu, kwa masikio."

"Basi huyu ni ng'ombe amekosa pembe. Hii dawa inatoa kupe, inatoa upele, inatoa kila kitu. Umeona ng'ombe yangu na doa?"

"Ng'ombe yako ni nyeusi yote, Mzee Ogari."

"Kwa sababu ya dawa."

Nilikumbuka maneno ya Valentine. Sitasema sikukumbuka. Nikaiweka kando, kwa sababu jua lilikuwa linaenda na Sabato inaingia jua likizama, na Jumapili wageni wako kwa mlango. Ogari akapima na kifuniko, akaongeza vifuniko viwili kwa vile farasi ni mkubwa. Maji ikawa nyeupe kama maziwa. Akamnyunyizia yote, tumbo, matako, mpaka kati ya miguu, na tukamaliza jua likigusa mlima. Kwamboka akatikisa ngozi akaniangalia. Mimi nikaingia kuoga nijiandae kwa Sabato, na roho imetulia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika Sabato ikiwa imeisha.

Asubuhi hakulia. Nilifungua mlango nikangoja ile sauti, haikuja. Nikashuka bondeni na gauni la kanisa. Nyasi ya jana jioni iko vile niliiweka. Chini ni safi. Mtu asiyejua farasi atafurahi akikuta chini ni safi, lakini huyu kwa siku huniachia mafungu nane, tisa, na leo hakuna hata moja. Kichwa ameinamisha mpaka magotini, midomo imeanguka, macho ni ya mtu amekunywa. Nikamsukuma, akayumba. Halafu akaanza kuangalia tumbo yake, upande huu, upande huu, kama anatafuta mwenye amemwita. Akapiga chini na mguu. Akalala.

Nikampigia Ogari. Akasema, "Hata ng'ombe hulegea kidogo." Nikamwambia amelala chini. Simu ikakatika, na tangu hapo hajapatikana.

Nyangate akatokea amevaa kofia ya kwaya, ananitafuta twende. Akaona farasi, akaona mimi. Valentine naye simu haikushika, netiwaki ya Sabato. Basi Nyangate akatoa viatu vya kanisa, akavishika mkononi, akapanda ule mlima wote kwa matope miguu mitupu kumwita. Mwanamke ako na goti mbovu tangu mwaka juzi. Mimi nimesema mengi juu ya Nyangate kwa hii maisha na yeye juu yangu, lakini hiyo ya mlima niliiona na macho.

Valentine akaja, hakunisalimia, akaweka sikio kwa tumbo ya Kwamboka. Upande mmoja. Upande wa pili. "Tumbo ya farasi inanguruma saa zote," akasema. "Hii imenyamaza." Akavuta midomo akaangalia ufizi. Halafu akaniuliza, bila kugeuka, "Mmempa nini?"

"Hakuna."

"Hajala kitu mpya?"

"Nyasi tu."

"Mmempaka kitu?"

Hapo Nyangate akaniangalia. Mimi mwenye nasema mpaka kile sijaulizwa, mwenye nilisema juu ya madoa kabla ikauke, nikasema, "Maji na sabuni tu, daktari."

Siku ya Sabato, na gauni la kanisa.

Akafungua begi, akavuta dawa kwa sindano. "Hii itamtuliza maumivu ndio nimpitishe mpira kwa pua." Akashika shingo, akapangusa pale pa kudunga. Kwamboka hata hakushtuka, macho nusu. Nilikuwa naona ile ncha ya sindano. Nilifikiria Mama Nishant, nikafikiria Subhash juu ya pikapu. Halafu nikawacha kufikiria.

"Ngoja," nikasema. "Jana saa kumi na mbili kasoro Ogari amemnyunyizia dawa ya kupe. Mimi ndiye nilimwita."

Sindano ikasimama. "Ile ukichanganya na maji inakuwa kama maziwa?"

"Hiyo."

Akarudi nyuma, akakaa kwa jiwe, sindano mkononi. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Akasema pole pole, kama mtu anaelezea njia, "Hiyo dawa ni ya ng'ombe, Mama Mose. Ikiingia kwa ngozi ya farasi inalaza tumbo, kitu kinakaa ndani hakisongi. Na hii iko kwa sindano ni ndugu ya ile. Ningemdunga, zingekuwa mbili, na labda hangeamka. Sasa leta maji mingi na sabuni. Vaa mifuko ya plastiki kwa mikono."

Tukamwosha watu watatu, mara tatu. Valentine akatafuta dawa nyingine ya kupigana na ile ya Ogari, akadunga. Akapitisha mpira kwa pua mpaka tumboni, akamwaga mafuta na maji kwa faneli, mimi nimeshika kichwa. Kisha tukamwinua, tukaanza kumtembeza kidogo kidogo, anapumzika, tunamtembeza tena, kutoka kwa choo mpaka kwa migomba na kurudi. Saa tisa mvua ikaja kwa kazi yake. Hatukuacha. Gauni la kanisa sasa ni la shamba. Sikusema neno saa tatu nzima, mpaka Nyangate akauliza Valentine kama na mimi ile dawa imenishika.

Saa kumi na moja Valentine akaweka sikio tena, akaniita na kidole. Nikaweka langu. Mbali, ndani, kama lori ya majani ikianza kupanda kilima na bado hujaiona. Ikanyamaza. Ikarudi.

Kabla jua lizame akatoa. Kidogo, kavu, vipande vinne. Nyangate akasema, "Bwana asifiwe." Mimi nimesikia shuhuda nyingi kanisani kwetu, na sikumbuki moja ilinifurahisha hivyo.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo ni siku walisema wanakuja, na wamekuja. Kesho ni sikukuu yao ya Diwali, Mama Nishant amebeba peremende za maziwa kwa sahani ya chuma. Subhash alikuwa ameshuka kwa gari kabla isimame. Valentine alikuwa hapa tangu alfajiri, na Kwamboka amesimama, amechoka, lakini anakula nyasi kidogo kidogo kwa mkono wangu.

Subhash ni mtu mrefu, mnyamavu. Akaangalia zile duara. Akauliza, "Daktari, hii ni ugonjwa gani?"

"Tumbo ndio ilikuwa ugonjwa, jana, kitu ilimkataa. Imeisha, lakini apumzike wiki mbili. Hizi madoa si ugonjwa. Hizi ni umri, na shibe."

"Shibe?"

Nitaandika vile alisema, kwa sababu nimekaa wiki mbili nikisema yangu.

Alisema farasi wa kijivu hazaliwi kijivu. Anazaliwa mweusi, ama kahawia, na kila mwaka nywele zinapoteza rangi kidogo, mpaka siku moja anakuwa mweupe kabisa. Na nywele hazikubaliani kubadilika siku moja. Pahali zingine zinatangulia, zingine zinabaki nyuma, na hapo katikati ya safari ndio duara zinaonekana. "Kwamboka ako na miaka kama sita," akasema. "Ako katikati."

Subhash akauliza, "Na kwa nini duara? Kwa nini isiwe mistari?"

"Hapo wenye wamesoma kuliko mimi bado wanabishana. Wengine wanasema chini ya ngozi mishipa ya damu imejipanga kama wavu, na rangi inafuata huo wavu, kamba inabaki giza, tundu inakuwa nyeupe. Mimi sitakudanganya kwamba najua."

Mimi nilimwangalia. Mtu wa digrii anasema hajui, mbele ya watu, na hakuna kitu imemwangukia.

"Na shibe iko wapi?" Mama Nishant akauliza.

"Alikuja amekonda, nywele ndefu, chafu. Farasi akiwa hivyo huoni kitu. Akilishwa vizuri nywele ya zamani inaanguka, mpya inakuja fupi na inang'aa, na chochote iko inaonekana. Hata farasi wa kahawia wakishiba hutoa hizo duara kidogo. Wenye farasi wakiona hivyo wanafurahi."

Nikasema, "Kumbe ni kama kichwa yangu. Mvi imeanzia kwa masikio, juu bado ni kijana."

"Wewe pia ni shibe," Nyangate akasema.

Subhash akaweka mkono kwa duara moja, akaweka kwa nyingine, kama anazima taa moja moja. Macho yake ikajaa maji na akageukia shamba ya chai. Halafu akanishika mikono yote mbili. "Mama Mose, umemlisha kama mtoto wako. Na watu walikuwa wanakusema vibaya."

Watu. Nikachukua peremende nikaweka mdomoni. Valentine alikuwa anaangalia gamboti zake.

Walipoenda nikamfuata Valentine pale kwa pikipiki yake. Nikamwuliza kwa nini hajasema.

"Si yangu kusema," akasema. "Ni yako. Lakini useme, Mama Mose. Kitabu si uko nayo?"

Miaka tatu nimemsema huyu msichana kwa kituo cha majani, mvua na jua. Yeye amekuwa na habari yangu moja tu, na ameibeba akaenda nayo.

Jumatano, 22 Oktoba

Habari ya ugonjwa ilichukua siku moja kufika kwa kituo. Habari ya uzima iko siku ya tatu na haijavuka ua. Nimeambia watu ishirini kwamba madoa ni shibe, wananiitikia kama mtu ananunua mchicha na anafikiria nyama. Ndizi bado ziko.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimepata njia. Nimemwita Nyangate nyuma ya jiko, nikafunga mlango, nikashusha sauti.

"Kuna kitu ya farasi sijaambia mtu. Na wewe usiambie mtu."

Akasonga na kiti.

"Hizo madoa farasi hatoi kwa kila mtu. Inataka mkono wa kulisha. Wahindi walikuwa wanataka isijulikane, watu wasije kuniiba nikalishe farasi ya wengine."

"Lakini mimi nilikuwa hapa daktari akisema," Nyangate akasema.

"Ulikuwa. Na umeambia nani?"

Akafikiria. "Hakuna. Haikuwa siri."

"Sasa ni siri."

Akacheka mpaka akashika goti. Halafu akachukua leso yake akatoka, na hakuaga.

Jumapili, 26 Oktoba

Ndizi zote zimeisha kabla saa nne. Yule mama wa Magwagwa amekuja kuninong'onezea siri ya farasi. Nimeshangaa vizuri.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya mawe. Chai ya kijiji yote imechanika, ukiangalia ni kama imetafunwa. Nilimwingiza Kwamboka jikoni kwangu, kichwa na shingo, nyuma ikabaki nje na gunia juu. Amekula ugali ya jana.

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimejaribu kutoa ukurasa wa tarehe kumi na nane.

Nilikuwa nimekaa nayo siku nyingi. Kwamboka amepona, duara zimefika mpaka mabega, Subhash ananipigia kila Ijumaa kunishukuru. Nani anahitaji huo ukurasa? Mama Nishant akisoma, hata mlango wa nyuma wa duka sitauona tena. Na Subhash atajua kwamba mtu alikuwa karibu kumrudisha kwa pikapu ni yule alimshika mikono.

Lakini hii kitabu imeshikwa katikati na pini mbili. Ukivuta ukurasa wa huku, wenzake wa upande wa mbele wanalegea. Nilivuta kidogo nikaona ile ya Nyangate inatoka pamoja nayo, ule mlima, viatu mkononi. Nikairudisha. Nikapiga pini na nyuma ya kisu.

Basi ikae. Mimi nimezoea kusema ya watu. Yangu inashinda hizo kwa nini?

Jumapili, 16 Novemba

Valentine amesema Kwamboka azoee ngoma kabla harusi. Tumempigia sufuria, debe, na mtungi. Siku ya kwanza aliruka migomba. Leo amelala akisikia debe. Mzee Ogari amekuja, hakuja na pampu, amekuja na miwa. Akaiweka kwa ua, akapiga debe kidogo, akaenda.

Jumamosi, 22 Novemba

Sabato. Valentine ameingia kanisani amechelewa, na gamboti. Benchi lote likakaza matako asipate nafasi. Nikasonga mimi. Akakaa. Harufu ya dawa ni kweli ako nayo. Si mbaya.

Alhamisi, 4 Desemba

Wamekuja kumchukua. Kabla lori igeuke, Mama Nishant akasema, "Kitabu." Nikampa. Akakaa kwa kiti changu cha chini hapo mlangoni, akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka mwanzo.

Mimi nikasafisha farasi mwenye alikuwa safi. Niliangalia kurasa vile zinahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Akasema, "Mimi natembea kama bata?" Nilikuwa nimesahau kufuta. Akaendelea. Akacheka ya kipofu. Akacheka ya siri. Hapana, ya siri ilikuwa bado, alicheka ya ng'ombe nyeusi, halafu hakucheka tena, na nikajua amefika.

Alisoma huo ukurasa mara mbili. Hata Nyangate, mwenye alikuwa anajifanya anachuma mboga ya managu kando ya ua, aliacha kuchuma.

Akatoa miwani. "Sindano ilikuwa imegusa?"

"Ilikuwa kwa ngozi."

"Na ukasema."

"Nilianza na kudanganya, Mama Nishant."

"Nimesoma." Akaenda kwa Kwamboka, akaweka kiganja kwa duara kubwa ya bega. Akasema bila kunigeukia, "Kwa duka yetu, mfanyakazi akivunja glasi na akaficha, tunamwachisha. Akileta vipande na mkono wake, tunampa fagio."

Akanipa brashi. "Bado kuna matope nyuma ya goti. Na Jumapili kamba utashika wewe, huyu hajui mkono mwingine. Baba Nishant nitamsomea mimi. Baada ya harusi."

Alipofika kwa lori akarudi, akanipa kitabu. "Imebaki ukurasa moja. Usiache nafasi tupu."

Jumapili, 7 Desemba

Mjini Kisii barabara ilisimama. Ngoma zilikuwa nne, na Kwamboka akazisikia kama debe za Ikonge. Walimvika kitambaa nyekundu na dhahabu kutoka kwa duka yao wenyewe, lakini Subhash alikataa wafunike matako. Alitaka madoa zionekane. Nishant juu alikuwa ameng'ang'ania nywele za shingo, nikamwambia, "Angalia masikio yake, usiangalie watu." Subhash alitembea kando na mkono kwa tandiko, hakuutoa mpaka mwisho.

Mama mzee mmoja wa kutoka Kisumu akanivuta mkono. "Huyu farasi ako na nini kwa ngozi?"

Nilikuwa na miezi mitatu mdomoni. Mishipa, wavu, umri, Molo, yote.

"Ameshiba, mama," nikamwambia. Akatosheka.

Valentine alikuja amevaa gauni, na hakuja peke yake. Jina ya huyo mtu naijua, kwao naijua, hata ng'ombe ya mama yake naijua. Na ukurasa umeisha.